Leseni ya udaktari na ya meno Marekani: onyo la zamani la Baraza lina uzito gani?

Mpiga_Fomu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaozijua sheria za majimbo ya Marekani. Za vijiweni nimeshiba.

Chukulieni watu wawili. Wa kwanza ana MD (digrii ya udaktari) ya MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Muhimbili, internship amemaliza, leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika iko hai. Ila miaka ya nyuma Baraza lilimpa onyo la maandishi kwa mafaili ya wagonjwa yasiyokamilika. Hakusimamishwa, hakulipishwa kitu. Wa pili ana DDS (digrii ya udaktari wa meno) ya MUHAS, rekodi safi. Wote wana ukaazi wa kudumu, wako Texas, na wako tayari kuhamia jimbo lingine.

Je, njia zao zinafanana? Lile onyo litaonekana Marekani au limebaki Dar? Na akishapata leseni, bodi ya jimbo ina nguvu gani juu yake, hasa mtu akilalamika?

Stetho_Kavu

Mkuu, futa kwanza wazo la "leseni ya Marekani". Haipo. Kuna ya Texas, ya Ohio, ya Minnesota, kila moja na sheria yake, bodi yake na ada yake. Mahakama ya Juu ililimaliza hilo mwaka 1889 katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia: jimbo lina mamlaka ya kumzuia mtu kutibu asipotimiza masharti yake. Serikali ya shirikisho inaingia kwa mlango wa pembeni tu, mathalani namba ya DEA ya kuandika dawa zinazodhibitiwa, na hiyo huipati bila leseni ya jimbo mkononi.

Njia ya MD aliyesoma nje inaanza ECFMG, taasisi inayothibitisha elimu ya madaktari waliosoma nje ya Marekani. Chuo kiwe kwenye orodha ya vyuo vya tiba duniani na kitambuliwe na ECFMG, upasi USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wenye hatua tatu: Step 1 (tangu Januari 2022 ni kupasi au kufeli, hakuna alama) na Step 2 CK, upitie mojawapo ya njia zilizochukua nafasi ya mtihani wa vitendo wa Step 2 CS uliofutwa 2021, pamoja na mtihani wa Kiingereza wa OET wa madaktari. Halafu residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, yenye mshahara. Step 3 watu wengi huifanya wakiwa ndani ya residensi.

Hapo ndipo majimbo yanapoachana. Texas inataka miaka 2 ya residensi kwa aliyesoma nje, New York inataka 3. USMLE yenyewe inakuruhusu kujaribu kila Step mara 4 tu, lakini Texas inahesabu 3. Maana yake mtu anaweza kupasi mtihani kihalali kwa jaribio la nne na bado Texas ikawa imemfungia mlango. Yapo pia majimbo yanayotaka Step zote zikamilike ndani ya miaka 7, mengine 10. Kwa hiyo soma kanuni za jimbo kabla hujaingia chumba cha mtihani. Juu ya hayo Texas ina mtihani wa sheria zake, alama ya kupasi 75. Si mgumu, ila una mambo ya kutunza mafaili na kuandika dawa ambayo hayakufundishwa chuoni.

Maombi ya watu wa kwetu hukwama zaidi kwenye majina kuliko kwenye elimu. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, pasipoti imegeuza la ukoo likawa la katikati. Rekebisha kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla ya kufungua akaunti ya ECFMG, kwa sababu jina utakaloanza nalo ndilo litakalokufuata mpaka kwenye leseni. Pili, hakuna bodi inayopokea matokeo au cheti cha hadhi njema ulichobeba mwenyewe kwenye bahasha. Chuo kinatuma, Baraza linatuma, moja kwa moja. Ukituma wewe, hata kiwe halisi, kinawekwa kando na miezi inakatika. Tatu, bodi inataka historia yako yote tangu ulipohitimu. Mwezi mmoja au miwili uliokaa nyumbani ukisubiri ajira uandike hivyo hivyo, "nilikuwa nasubiri ajira". Pengo lililoachwa wazi linazaa barua, na barua inazaa kusubiri.

Haraka_Baraka

Mbona mnamrefushia mwenzenu safari? Tennessee wamefuta residensi kwa madaktari wa nje. Aende huko, biashara imekwisha.

Kalamu_Nyekundu

@Haraka_Baraka taratibu, ndugu. Tennessee ilipitisha sheria hiyo 2023 ikiwa ya kwanza, na Florida na Virginia zikaja na za kwao 2024. Texas nayo imetunga ya aina hiyo 2025. Lakini hakuna hata moja iliyosema njoo na cheti uanze kutibu.

Tennessee inatoa leseni ya muda. Lazima ECFMG iwe imekamilika, uwe umepata mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 au umefanya kazi ya udaktari kwenu miaka 3 katika 5 iliyopita, na uwe na ajira mkononi kwenye taasisi ya Tennessee inayoendesha residensi iliyoidhinishwa. Miaka 2 chini ya uangalizi ndipo uombe leseni kamili. Kijana aliyetoka internship juzi hana hata sifa ya kuanza.

Na akiipata, kuna mambo ambayo bunge la jimbo haliwezi kumpa. Bodi za ubingwa kwa kawaida hazikutahini bila residensi ya Marekani au Kanada. Hospitali nyingi na kampuni za bima zinadai ubingwa huo. Na hiyo leseni haivuki mpaka: akihamia Ohio anaanza upya na masharti ya Ohio. Kwa bingwa wa miaka 45 mwenye familia ni mlango mzuri. Kwa kijana wa miaka 28, miaka 3 ya residensi inamlipa zaidi.

Jino_la_Hekima

Nimjibu wa meno, maana huwa anasahaulika kwenye nyuzi hizi.

Njia hazifanani hata kidogo. MD wa nje hurudi hospitalini kama mwanafunzi anayelipwa mshahara. Daktari wa meno wa nje hurudi chuoni kama mwanafunzi anayelipa ada. Sababu ni kwamba sheria za meno za karibu majimbo yote zinataka digrii kutoka chuo kilichoidhinishwa na CODA, chombo kinachoidhinisha vyuo vya meno Marekani, na DDS ya Muhimbili, hata iwe nzuri vipi, haiko kwenye orodha hiyo.

Mpangilio uko hivi. Kwanza matokeo ya chuo yakaguliwe somo kwa somo na taasisi kama ECE. Kisha INBDE, mtihani wa kitaifa wa meno: maswali 500, siku moja na nusu, kupasi ni 75 ya kipimo chao (si asilimia 75, msichanganye). Kisha TOEFL, halafu maombi kupitia CAAPID, mfumo wa pamoja wa maombi ya madaktari wa meno wa nje, ya kuingia mwaka wa pili au wa tatu wa chuo cha Marekani, miaka 2 hadi 3. Vyuo vingi humwita mwombaji kwa jaribio la mikono kwenye meno ya plastiki, mara nyingi kuandaa jino la kuvalishwa kofia na tundu la kuziba kwenye gego. Watu wenye uzoefu wa miaka 10 kazini wanaangukia hapo, kwa sababu Muhimbili na hospitali za mikoa siku yao imejaa kung'oa, na mkono wa kuandaa kofia kwa vipimo vya nusu milimita umelala. Nunua taipodonti (taya la mazoezi lenye meno ya plastiki), fanya mazoezi miezi kadhaa, piga picha kila jino, linganisha. Kosa linaloangusha wengi ni kukwaruza jino la jirani kwa mashine.

Ukimaliza chuo ndipo mtihani wa kliniki wa jimbo, sehemu nyingi ni ADEX, siku hizi hasa kwenye meno ya bandia. New York haitaki mtihani huo, inataka mwaka mmoja wa residensi ya meno. Minnesota ina leseni yenye masharti kwa waliosoma vyuo visivyoidhinishwa: bodi inapima elimu yako, unapasi mitihani, halafu unafanya kazi miaka 3 chini ya daktari wa meno mwenye leseni ya jimbo. Ni nafasi finyu, lakini ni halali, na wengi hawajui kuwa ipo. Florida inamruhusu aliyesoma udaktari wa meno nje kuomba leseni ya usafi wa kinywa, ambayo inalipa kuliko usaidizi wa kliniki wakati anasubiri.

Na hapo kwenye usaidizi, tahadhari. Mmiliki wa kliniki akijua msaidizi wake ni daktari wa meno wa Tanzania, kishawishi ni kikubwa: "hebu malizia jino hili, mgonjwa hajui". Ukishika mashine ya kutoboa, ni kutibu bila leseni kwako na kusaidia mtu asiye na leseni kwake. Yeye anaweza kulipa faini na kuendelea. Wewe ombi lako la leseni limeanza na kesi.

Kalamu_Nyekundu

Sasa lile onyo, maana ndilo swali lenyewe.

Marekani kuna hifadhidata ya shirikisho iitwayo NPDB, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1986 na kufunguliwa Septemba 1990. Bodi za majimbo, hospitali na bima hupeleka huko adhabu na malipo ya fidia. Mwananchi wa kawaida hawezi kuona majina humo. Hospitali ni lazima iulize kabla ya kukupa nafasi ya kutibu, na tena kila miaka 2. Baraza la Tanganyika halipeleki taarifa NPDB. Kwa hiyo huyo jamaa akijitafuta humo atakuta patupu, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba wameponea.

Bodi ina njia mbili nyingine. Ya kwanza ni fomu, na inauliza wazi: je, umewahi kuchukuliwa hatua na mamlaka yoyote ya leseni, ya jimbo au ya nchi nyingine? Ya pili ni cheti cha hadhi njema kinachotoka Baraza moja kwa moja, na kinaeleza kama kuna shauri au adhabu. Ukisema "hapana" na cheti kikasema "ndiyo", shauri limeacha kuwa la mafaili ya wagonjwa. Limekuwa la kusema uongo kwenye ombi, na hiyo peke yake ni sababu ya kunyimwa leseni katika kila sheria ya jimbo. Onyo la mafaili, likielezwa kwa ukurasa mmoja pamoja na nakala ya uamuzi na kozi ya utunzaji kumbukumbu, bodi nyingi hulipitisha. Uongo haupiti, na kunyimwa huko sasa ndiko kutakwenda NPDB.

Atafute kwanza barua yenyewe na aisome neno kwa neno. Kama ni adhabu iliyotolewa baada ya shauri, ajibu ndiyo. Kama ni ushauri tu uliotumwa kabla ya shauri kufunguliwa, huenda swali la jimbo fulani halimgusi, lakini swali la jimbo jingine linasema "hatua yoyote ikiwemo isiyo ya kinidhamu". Jibu swali lililoulizwa na jimbo hilo. Usinakili majibu ya Texas ukayapeleka Illinois.

Na kuna mahali onyo litamgharimu hata akisema kweli. Majimbo mengi yana mkataba wa leseni za haraka kwa madaktari, ulioanza kutoa leseni 2017. Ukiwa na leseni kamili na ubingwa, unalipa dola 700 za mkataba pamoja na ada ya kila jimbo, unapata leseni kadhaa bila kurudia makaratasi. Texas imo, California na New York hazimo. Mkataba huo haumpokei mtu ambaye leseni yake iliwahi kuadhibiwa na mamlaka ya jimbo lolote, ya shirikisho au ya nchi ya nje, isipokuwa adhabu ya kuchelewesha ada. Nchi ya nje imeandikwa humo kabisa. Kwa hiyo onyo la Dar likihesabika kuwa adhabu, jamaa ataomba jimbo moja moja maisha yake yote ya kazi.

Bi_Mchangani

Kaka Kalamu, shukrani. Lakini nieleweshe, hizi bodi si ni madaktari kwa madaktari? Wanakuchunguza wao, wanakushtaki wao, wanakuhukumu wao. Kwetu tungesema kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Kalamu_Nyekundu

Dada, lawama hiyo imefika Mahakama ya Juu na majibu ni mawili. Mwaka 1975, Withrow dhidi ya Larkin, daktari wa Wisconsin alipinga bodi ileile kumchunguza na kumsikiliza. Mahakama ikasema kuunganisha kazi hizo peke yake hakuvunji haki, mpaka uonyeshe upendeleo halisi. Mwaka 2015 ikaja bodi ya meno ya North Carolina: wajumbe 8, sita kati yao madaktari wa meno, waliwatumia vitisho vya barua watu wa saluni waliokuwa wanang'arisha meno kwa bei ndogo. Mahakama kwa kura 6 kwa 3 ikasema bodi inayoongozwa na washindani sokoni haina kinga dhidi ya sheria ya ushindani, kama jimbo lenyewe haliisimamii kwa dhati. Baada ya hapo majimbo kadhaa yalipitia upya usimamizi wa bodi zao.

Muundo nao unatofautiana. Bodi ya madaktari ya Texas ina wajumbe 19, 12 madaktari na 7 raia wasio madaktari. New York imegawa kazi kwa namna ya ajabu kidogo: leseni zote ziko Idara ya Elimu, nidhamu ya madaktari iko Idara ya Afya, nidhamu ya madaktari wa meno imebaki Elimu. Daktari akishtakiwa huko anasikilizwa na watu watatu, wawili madaktari na mmoja raia. California shauri huenda kwa jaji wa masuala ya utawala, ambaye hupendekeza uamuzi na bodi ikaamua.

Kinachobadilisha matokeo kuliko muundo ni kiwango cha ushahidi. New York na Texas zinatosheka ushahidi ukielemea upande mmoja kidogo tu. California inataka ushahidi wa wazi na wa kuridhisha kabla ya kumnyang'anya daktari leseni. Jambo lilelile, daktari yuleyule, anaweza kushinda Los Angeles na kushindwa Houston.

Texas lalamiko linakwenda hivi: siku 45 za ukaguzi wa awali, na hapo unapewa nafasi ya kujibu. Likipita, uchunguzi kamili, mafaili yanatumwa kwa wataalamu wawili wa fani yako, wakipingana anaongezwa wa tatu. Kisha kikao cha faragha cha maridhiano na wawakilishi wa bodi. Wengi humalizia hapo kwa amri ya makubaliano: karipio la wazi, faini, kozi, mtu wa kukagua mafaili yako kila robo mwaka. Ukikataa, shauri linakwenda kwa jaji wa utawala. Kukiwa na hatari kwa wagonjwa, bodi inaweza kukusimamisha hata kabla hujasikilizwa.

Amri ya makubaliano ni adhabu. Inaitwa makubaliano kwa sababu umesaini, lakini inawekwa hadharani na inakwenda NPDB. Kurudisha leseni kwa hiari ili shauri life nako ni vilevile. Na kosa si lazima liwe la kitabibu: mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikubali New York kumsimamisha Dkt. Edward Barsky miezi 6 kwa hatia ya kukataa kuipa kamati ya Bunge nyaraka, jambo lisilohusu mgonjwa hata mmoja.

Mpiga_Fomu

Nimeelewa sana. Matatu ya mwisho. Akiacha kazi hospitalini kabla uchunguzi haujaisha, anajiokoa? Yule wa meno akimrudishia mgonjwa pesa yake ili wamalizane, inahesabika? Na kushauri ndugu kwa WhatsApp kutoka jimbo hadi jimbo?

Jino_la_Hekima

La kuacha kazi: hapana, anajiharibia. Hospitali inaripoti NPDB ikikunyang'anya nafasi ya kutibu kwa zaidi ya siku 30, na inaripoti pia ukijiuzulu wakati uchunguzi unaendelea au ili usichunguzwe. Mtu angeweza kutoka na onyo la ndani lisiloripotiwa, akajiuzulu kwa hasira, akajitengenezea rekodi ya kudumu. Kabla ya kusaini barua ya kuacha, uliza kwa maandishi: je, kuna uchunguzi wowote uliofunguliwa juu yangu?

La pesa, angalia akaunti. Malipo yanayotolewa na bima au kampuni ya kliniki kwa ajili ya daktari, kufuatia dai la maandishi la mgonjwa, yanaripotiwa ndani ya siku 30, hata yakiwa dola 200. Daktari akilipa kutoka mfukoni mwake binafsi, hairipotiwi. Hilo liliamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Washington DC 1993 katika kesi ya chama cha madaktari wa meno cha ADA dhidi ya Shalala. Lakini hundi ikitoka akaunti ya kliniki, hata kliniki hiyo iwe yake peke yake, imeshakuwa kampuni iliyolipa. Na kama mgonjwa amelalamika kwa mdomo tu pale kaunta, hakuna dai la maandishi, hakuna cha kuripoti. Hiyo ni NPDB. Bodi ya jimbo inaweza kuwa na masharti yake, na mgonjwa bado anaweza kulalamika hata baada ya kurudishiwa.

Stetho_Kavu

WhatsApp: kwa sheria za majimbo karibu yote, tiba inafanyika mahali alipo mgonjwa. Leseni yako ya Minnesota haimgusi shangazi aliye Dallas. Kumwambia "nenda hospitali leo, hiyo si gesi" hakuna atakayekushtaki. Kumpangia dozi, kusoma vipimo na kumbadilishia dawa ya presha ni kutibu, na Texas kutibu bila leseni ya jimbo ni jinai ya daraja la tatu: miaka 2 hadi 10 na faini hadi dola 10,000. Kinyume chake pia kipo. Daktari aliye Houston na leseni ya Texas anayemwandikia dawa mama yake Tabora, huko ni eneo la Baraza la Tanganyika, kwa hiyo kama anataka kuendelea kufanya hivyo aihuishe leseni ya nyumbani. Ataihitaji hai hata hivyo siku akiombwa cheti cha hadhi njema.

@Mpiga_Fomu, mwambie wa MD aanze na barua Barazani wiki hii, aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na jalada lake. Mengine yote yanaweza kusubiri tarehe ya mtihani.